Nywele Ulizomwachia Baba Mkubwa

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipozima mashine ya kunyolea, ukapuliza nywele zilizonasa kwenye meno yake, ukasema unajinyoosha kidogo kabla mteja wa saa kumi hajafika. Mteja alifika.

Watu wanatuuliza tunaendeleaje. Tunasema tunaendelea. Tunakula, tunafua, tunakwenda kazini. Mama hukikunja kile kitambaa cheupe ulichokuwa ukiwafunga wateja shingoni, akakikunjua, akakikunja tena. Halii. Na sisi hatulii. Ni kama mguu uliokufa ganzi: unajua upo kwa sababu unauona.

Mtaani ulikuwa kinyozi kwa miaka thelathini na mbili. Siku ya ukoo kukutana ulikuwa kinyozi wetu. Kiti kilikaa uani, karibu na bomba. Mtu akishainamisha kichwa, unamuuliza: "Haya, ulipokuwa mdogo ulifanya nini ambacho hukumwambia mtu?" Na watu wakasema. Kwenye kiti hicho ndipo tulipojua nani alivunja redio ya Babu, na nani alichapwa badala yake.

Safari hii Baba Mkubwa, kaka yako, alipiga simu mapema. "Tukutane mara hii, iwe ya mwisho. Bila yeye tutakuwa tunatazamana tu." Hakuna aliyembishia.

Wakaja. Binamu wakaingia mmoja mmoja, wote na manywele. Hawakupanga. Kila mmoja alikuwa ameacha kunyoa tangu mwezi uliopita, kama kila mwaka, akikusubiri wewe. Walipoonana vichwa, kila mmoja akajishika nywele. Tukatazamana kweli.

Mimi, kitinda mimba wako, nikaenda kuifungua droo ulimoweka mashine yako.

"Wewe?" akasema binamu tunayemwita Mlingoti. "Kwani chuoni ulisomea kunyoa?"

"Nimesomea ualimu."

"Basi mwalimu, masikio yangu ni mawili. Nataka niondoke nayo."

Nikamnyoa. Shangazi akamzunguka mara mbili, akasema, "Mwanangu, huyu kama alikimbia kabla hujamaliza." Watu wakacheka kidogo. Nikauliza swali lako, wakajibu: habari za sukari iliyolambwa, viatu vilivyofukiwa. Nilisikia kila kitu kwa mbali, kama niko chumba cha pili.

Baba Mkubwa alikaa mwisho. Nilipofika kisogoni, mashine ikapita juu ya kitu kigumu. Kovu, refu kama kidole. Wanawe wakasogea, hawakuwahi kuliona.

"Nimekosea," nikasema.

"Hujakosea." Alikuwa bado ameinama. "Baba yako alinisukuma kutoka ukutani tukiwa wadogo. Mama yetu alipouliza, nikasema nimeteleza. Hatukulizungumza tena. Ila tangu aliposhika mashine, hapo aliniachia nywele ndefu kidogo, zilifunike. Kila mwaka. Na swali lile alimuuliza kila mtu isipokuwa mimi."

Bomba lilikuwa likidondosha maji. Mama akaleta kitambaa chako, akampangusa yeye mwenyewe shingo yote, na kovu.

Baba Mkubwa akapeleka mkono kisogoni. "Pana baridi," akasema. Kisha akanigeukia. "Mwakani usipaguse hapa. Acha nywele, kama alivyoacha yeye."

"Mwakani?" Mama akauliza.

"Zitakuwa zimeota."

Bado hatujalia vya kutosha, Baba. Lakini tarehe tumeshaiandika ukutani, na mashine nimeitia mafuta.

Unakumbukwa na mkeo. Na kaka yako, ambaye sasa kovu lake tunalijua sote. Na dada yako. Na wanao watatu. Na wajukuu, na binamu wote walionyolewa vibaya. Na mteja wa saa kumi, ambaye bado hupita kutusalimia.

Kila tutakapoinamisha vichwa, daima, tutakukumbuka.