Karaoke ya Kijapani na Adabu Zangu za Rhotia

Jumatano, Karatu. Mvua tangu alfajiri, ukungu umekuja hadi dirishani, na mimi nimevimba kwa hasira kama andazi. Naandika nikiwa stoo ya mashuka, maana nikikaa mapokezi nitamjibu mtu vibaya.

Nimeikosa safari ya Engaresero. Nimeikosa kwa sababu ya nyimbo. Cheka tu, shajara, na mimi ningecheka kama isingekuwa yangu.

Iko hivi. Tuna kundi la wastaafu kutoka Japani hapa lojini. Wakitoka kwetu wanakwenda Engaresero, kando ya Ziwa Natron, na kwenye gari lao kuna nafasi moja ya mwenyeji wa kuwatafsiria. Bosi wetu, Mama Ester, alisema mapema kabisa: wageni watachagua wenyewe, ama mimi ama Deo. Deo ni mwongoza watalii wa Arusha. Kijapani chake ni cha kuombea maji, ila kicheko anacho. Mimi Kijapani nimekisoma tangu sekondari, nikakiendeleza kwenye simu kwa vocha zangu mwenyewe. Miaka yote hiyo nimekaa mapokezi nikijibu swali la maji ya moto yanatoka saa ngapi. Nilikuwa naitaka hii safari jamani, naitaka mpaka naiota.

Tulikuwa tumeambiwa kwamba hawa wageni wana mchezo wao wa karaoke. Mtu anaimba wimbo, silabi ya mwisho ya jina lake ndiyo inayoanza jina la wimbo wa anayefuata. Ukikosa wimbo, umetoka. Ukitaja jina linaloishia na "n", umetoka pia, kwa sababu hakuna neno la kwao linaloanzia hapo.

Basi nikajiandaa. Kuchagua nyimbo kulinitoa jasho. Ilibidi wimbo uanze na silabi ninayoihitaji, niuweze bila kukabwa koo, halafu nitazame unaishia wapi. Hapo mwisho ndipo nilipohangaika zaidi, kwa sababu kila ninapoishia mimi, kuna mzee wa watu ataanzia hapo. Nyimbo zote zinazoishia na "ru" nikazitupa, hata nilizozipenda. Majina yanayoanza na "ru" ni adimu kuliko mvua ya Agosti, ukimpa mtu "ru" umemkaba. Nilikuwa naimba nikipepeta maharage, mama akaniuliza, "We Vero, hao Wajapani wamekuajiri au wamekuroga?"

Leo barabara ya kreta ilikuwa matope na ukungu mtupu, wageni wakabaki. Baada ya chakula cha mchana wakaomba spika. Tukakaa duara, na kulia kwangu akakaa Bibi Haruko, mkubwa kuliko wote, rika la bibi yangu mzaa mama. Yeye ndiye anayepokea kutoka kwangu.

Nikampokeza vizuri. Nikamwishia na "ka", nikamwishia na "shi", nikamwishia na "a", tena pole pole, na tabasamu. Wenzake wakatoka mmoja mmoja, na mimi mwishoni nikajifanya nimekwama. Bibi Haruko akashinda. Nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Yeye akaweka maiki mezani na kuomba chai.

Duru ya pili Deo akaniambia nimpishe kiti. Nikampisha, nikijua hatafika mbali, nyimbo zenyewe anazijua chache na sauti yake ni ya kufukuzia nyani shambani. Huwezi amini. Zamu yake ya kwanza tu, akamtandika bibi wa watu "ru"!

Nilitaka kuficha uso. Bibi Haruko akapiga kelele, akapiga meza, akashika kichwa, wenzake wakamhesabia kwa makofi, na dakika ya mwisho akaupata wimbo! Akauimba amesimama. Mzunguko uliofuata Deo akampa "ru" nyingine, na hapo akatoka. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. "Tena!" akasema. "Huyu kijana akae hapa hapa, tucheze tena!"

Deo naye, na mdomo wake: "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Nilitamani kumrushia mto wa kochi.

Saa kumi Mama Ester akaniita pembeni. "Mwanangu, wamemchagua Deo. Wanasema wewe ni mstaarabu sana." Mstaarabu sana! Ustaarabu wenyewe ndio ulionikosesha kiti. Deo alipopita akanong'ona, "Dada Vero, usimaindi. Ule ulikuwa mchezo, wewe ukaufanya ibada." Nikamwambia hongera, kwa meno tu.

Huko njiani bibi akiumwa tumbo, Deo atamuuliza nini? Atamwimbia?

Nilikuwa bado nafura Bibi Haruko alipokuja mapokezi na chupa yake kuomba maji ya moto. Nikainama vizuri, nikamjazia. Hakuondoka.

"Veronika," akaniambia kwa lugha yake, "ulikuwa unaniachia."

Nikaona haya, lakini nikajitetea. Nikamweleza kwamba kwetu Rhotia mzee hafungwi na mjukuu. Babu yangu akicheza karata na sisi, tunakumbatia karata nzuri mkononi mpaka zinalowa jasho, ili ashinde yeye. Ndivyo tulivyolelewa. Ndiyo heshima.

Akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Tangu mume wangu afariki, wanangu nao wananiachia. Mchezoni wananiachia, hata kwenye mabishano wananiachia. Nimekuja mbali namna hii, na wewe ukaniachia."

Akachukua chupa yake akaenda zake.

Nimekuja huku stoo nilie kwa hasira, na sasa hata sijui nimkasirikie nani. Deo siwezi kumlaumu. Hakuwa na nyimbo nyingi wala Kijapani cha maana, lakini alimwona mtu aliyekuja kucheza. Mimi niliona umri. Na niseme ukweli, haikuwa heshima peke yake. Nilitaka anipende, anichague.

Inauma. Nafasi imekwenda na hairudi.

Wanaondoka kesho baada ya chai, na kabla ya gari kuja wamesema watacheza kidogo barazani. Nimeshachagua cha kumwimbia Bibi Haruko. Nitamwamkia kwa heshima zote, nitainama mpaka chini, halafu nitamfunga. Akikasirika akasirike, safari yenyewe si ya kwangu tena.

Ila kuna kitu kingine kinanikereketa, na hiki hakina mvua wala Deo wa kusingizia. Babu siku hizi hataki karata. Tukizitoa anasema chezeni nyie, anageukia ukutani. Nyumbani wote tumekubaliana kwamba ni macho, tukaanza kuulizia miwani.

Hivi kweli ni macho?