Mizizi Aliyoiosha Mjomba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na Bibi mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma. Natumaini kifua chake kimetulia, na kwamba nyumba mpya hapo kijijini imeshaezekwa. Mimi huku Morogoro ni mzima, ila kichwa kimevurugika na sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Ile miche mitatu ya mti wa Bibi wa kule Kilangala ilifika. Mjomba aliileta mwenyewe mpaka shuleni, ameifunga kwenye gazeti, mizizi inang'aa. Nilipouliza udongo wake uko wapi, alishangaa.

"We Somoe, nimpelekee mwalimu wako matope? Basi liliposimama Somanga niliomba maji, nikaisugua kwa sabuni mpaka ikatakata."

Nikasema ahsante, Mjomba. Ningesema nini?

Mwalimu wa kilimo aliisifu kwa usafi, akatuagiza tukaange udongo wa kupandia kwenye debe ili vijidudu vife. Wenzangu wakanicheka: "Somoe, ukiiva utuite, mboga tunayo!" Tukapanda. Miche miwili imekauka. Wa tatu umebaki na majani mawili, nayo ni ya njano.

Ndipo mwalimu wa bayolojia akaja kuutazama. Akasema katika udongo wa kwetu mna vijidudu na nyuzi za ukungu, nyembamba mno, vinavyoishi na mizizi ya mti ule. Vinaulisha, nao unavilisha.

"Mmeuhamisha peke yake," alisema. "Jamaa zake mmewaacha."

Amepekua kitabu chake cha miti ya pwani, wetu hakuuona. Anahofia huenda duniani umebaki huo wa Bibi tu.

Sasa nimsadiki nani, Mama? Kwenye somo la afya vijidudu ni adui, tuchemshe maji, tunawe. Siku hizi nikinawa nasita. Nilimuuliza huyo wa bayolojia nitavitofautishaje vizuri na vibaya, akacheka, akasema hata yeye havijui vyote. Hilo ndilo lililonichanganya zaidi.

Uliniandikia kwa mkono wa shangazi kwamba mahame yetu kule Kilangala yatafyekwa yawe shamba la kijiji kabla ya mvua. Nilidhani nikiwa na miche, hata wakiukata mti si neno. Sasa sidhani hivyo. Tafadhali mwombe mwenyekiti auache, pamoja na kichaka kinachouzunguka. Naogopa kukutuma, maana najua tulivyosemwa kwa kuchelewa kuhamia kijiji kipya. Lakini sina mwingine wa kumtuma.

Pia nijazie kopo la udongo wa chini yake. Usiuchekeche, usiuanike. Ukikuta wameshaukata, chota hivyo hivyo. Sijui kama utafaa, ila chota.

Nisalimie shangazi anayekufundisha kusoma, na mdogo wangu asiyetaka kunyolewa. Mjomba mwambie miche ilifika na mwalimu aliisifu. Ni kweli aliisifu. Kopo mpe yeye alilete, ila ulifunge sana kwa kitambaa, umwambie mwalimu anautaka udongo mchafu.

Akiuliza kwa nini, Mama, mwambie hujui. Mimi mwenyewe sijui vizuri.

Mwanao,
Somoe