Mapigo Manane Katika Daftari Lako

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Jumamosi nilipiga gitaa mpaka sangara wa Ziwa Victoria wakatoa vichwa majini, na mmoja, naapa, alikuwa analia. Tangu Mwanza iitwe Mwanza haijapata vidole kama hivi vyangu. Usicheke. Au cheka tu, kicheko chako nimekikosa mwaka mzima.

Tulikuwa ufukweni: kwaya yako nzima na sare zao za zambarau, kinanda, fidla mbili, ngoma za roki, na mimi. Unakumbuka wazo la mchanganyiko huu lilipotoka? Nyumbani Nyakato, mimi nanguruma na gitaa la umeme, ukatoka chumbani: "Mtaa huu una viwanda vya kutosha, nawe umenifungulia kingine sebuleni?" Kisha ukakaa kwenye kinanda, ukapiga ule muziki wako wa Wazungu wa kale, nami nikakufuata kwa roki mpaka vikombe vya Mama vikatetemeka kabatini. Ukasema, "Mzee wa watu aliyetunga haya ana karne tatu kaburini, leo umemvalisha jinzi." Mimi nilihesabu hiyo ni sifa.

Basi Jumamosi tuliwavalisha jinzi wazee wote. Watu walipanda juu ya mawe ili watuone. Wa mwisho ukawa wimbo wako, ule ulioandika kitandani hospitalini, ambao kwaya haikuwahi kuuimba ukiwa hai. Mwalimu Eliya, aliyeshika kwaya baada yako, alinisihi nije mazoezini.

"Mwalimu, wimbo wa baba yangu niufanyie mazoezi? Daftari si ninalo?"

"Na nota unazisoma?"

"Nimezaliwa nazo."

Kwenye ubeti wa mwisho kwaya ikanyamaza ghafla. Nikatazama daftari: herufi zako zimekatika, mstari umebaki mtupu. Nikajua zamu yangu imefika. Baba, nilipiga! Watu wakarusha kofia, miluzi mpaka kwenye mitumbwi. Ila kwaya hawakushangilia. Akina mama wa sauti ya pili waliinamisha vichwa, Mama akiwa katikati yao.

Alinisubiri nimalize kukunja nyaya. Hakufoka. "Pale palikuwa pa kunyamaza, mwanangu. Mapigo manane. Baba yako aliniambia hapo ndipo tumkumbuke, kisha tuendelee."

Nikakusikia ulivyokuwa ukiwagombeza mazoezini: "Nyamazeni vizuri! Hata Ukerewe wasikie mnavyonyamaza."

Kule hospitalini uliniuliza kama nimejifunza nota. Nikasema zote, hata zile ambazo hazijaandikwa. Ukatabasamu, ukaniwekea daftari mkononi.

Sijui hata moja, Baba. Niliona pamebaki peupe, nikadhani umeniachia mimi.

Ni mimi mwanao,
yule wa kiwanda cha sebuleni