Ngozi ya Nsya

Namuwongo, upande wa reli
4 Machi 2006

Mkwe wangu Wanjala,

Kabla ya salamu, ujue unaandikiwa na mtu aliyemwangusha nsya akiwa mbio, hatua mia tatu, upepo wa ubavuni, risasi moja, na kofia haikunidondoka. Mwambie hivyo huyo mzungu wenu wa kuwinda anayelalamikia risasi ninazowajazia.

Sasa salamu. Habari za kambini? Mbu wanashiba? Sisi huku hatujambo. Mafua yangu yamehamia kwa jirani. Abalo mkeo mzima, ila siku hizi tumbo lake ndilo linafika mlangoni kwanza, yeye anafuata.

Ile habari ya nsya ni uongo. Wewe ni mtoto wa nyumba, nitakudanganya mpaka lini? Nimezeeka nikiwa fundi wa bunduki wa polisi, na sijaua hata njiwa. Nimepiga risasi nyingi kuliko majenerali, lakini zote kwenye ubao, uwanja wa shabaha. Ubao haukimbii wala hauna mke wa kuulizia.

Lakini risasi nazijua. Opio dereva wenu ameniletea ile ngozi ya nsya mliyempiga, niione. Wanjala, hiyo si ngozi, ni tambara la jikoni. Nsya ni paa mdogo, hanifiki goti, na mmempiga kwa risasi ya kichwa laini na baruti ya kuulia nyati. Kichwa laini kikigusa mfupa hufunguka kama uyoga, kinavunjika vipande, na kila kipande kinajitafutia mlango. Mimi ninavyo vichwa vigumu, vimevikwa shaba mpaka puani. Nikivijaza na baruti kidogo, vinaingia kama sindano ya kushonea magunia na kutoka vilevile. Pembe mzungu anabeba kwao, ngozi wewe unabaki nayo, nzima.

Nina sababu. Mama yangu alinibeba mgongoni kwa ngozi ya nsya, laini kama sikio. Abalo alibebwa kwa shuka la kambi ya polisi, kwa sababu tulikuwa tunahamishwahamishwa kama masufuria. Huyu anayekuja nataka abebwe kama mtu. Sema neno moja, nikujazie kisanduku cha vichwa vigumu.

Baba mkwe wako mwenye mdomo,
Ojara


Kambini
15 Machi 2006

Baba,

Nakusalimu kwa heshima, na kupitia kwako namsalimu mwenye tumbo. Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha. Mvua imeanza kunyesha na ng'ombe wa wafugaji wameanza kunenepa.

Nilisoma barua yako nikacheka mpaka mpishi akaniuliza kama nimeandikiwa na mchumba. Ila kuhusu vichwa vigumu, baba, naomba uniruhusu nikatae.

Huku ni tambarare. Nsya hukaa vichakani. Nyuma ya kichaka kuna kichaka kingine, na nyuma ya hicho kuna wafugaji, ng'ombe wao, na akina mama wanaokwenda majini. Kichwa laini kikimpiga nsya kinaishia mwilini mwake, au kinasambaratika hapo karibu. Kigumu kinampita kana kwamba hakumwona, kinaendelea na safari yake. Ukikitumia ni lazima kuwe na kichuguu nyuma ya mnyama, cha kukipokea. Na vichuguu haviji unapoviita.

Mimi ndiye ninayemwambia mteja "piga" au "acha". Nikijua bunduki ina laini, nasema piga mahali ambapo ningekuwa na ngumu ningesema acha. Macho yangu yanategemea mikono yako, baba. Kwa hiyo naomba laini, baruti uipunguze kuokoa ngozi kidogo. Ikichanika nitaishona mwenyewe. Huku tunajifunza kila kazi.

Mwanao wa kuoa,
Wanjala


Karakana, Nakawa
22 Machi 2006

Mkwe,

Wazima huko? Sisi wazima. Abalo sasa anakula udongo, nikimkataza ananiita mchoyo, kana kwamba udongo wa Namuwongo ni wangu.

Barua yako ndefu kama hotuba ya harusi ya Wakenya wenzako. Nimekusikia. Kisanduku anacho Opio, kimeandikwa "laini" kwa mkono wangu, na mwandiko wangu unaujua, kuku amekanyaga wino. Baruti nimepunguza. Mzungu atafurahi na ngozi itafurahi. Usiulize mengi. Fundi wa risasi ni kama mpishi, ukichungulia sana sufuria yake unakosa hamu.

Baba mkwe wako,
Ojara


Kambini
11 Aprili 2006

Baba,

Amani iwe hapo nyumbani. Natumaini Abalo anapata usingizi. Mimi mwili hauna shida.

Nimechelewa kuandika. Siku kadhaa nilikuwa nalala kituo cha polisi. Hawakunifungia, walinipa benchi tu, wakaniambia nisiende mbali.

Mteja alimpata nsya dume, amesimama ubavu, vichaka nyuma yake, kichuguu hakuna. Nilitazama kwa darubini, sikuona mtu wala ng'ombe. Nikajua bunduki ina laini, nikasema piga. Nsya alianguka palepale. Halafu tukasikia mwanamke analia. Mbali, baba. Mbali kuliko inavyoweza kufika risasi laini iliyokwisha kupita mwilini.

Ni mama mmoja anaitwa Kulusum, mke wa mfugaji. Alikuwa ameinama anachota maji kwenye dimbwi. Imempiga paja, mfupa umevunjika. Yuko hai. Yuko hospitali Mbarara, wamemfunga mguu juu kwa kamba na mawe. Daktari anasema mguu atabaki nao, lakini fimbo haitamwacha.

Kampuni imenisimamisha. Wanasema nilimruhusu mteja apige bila kujali kilichoko nyuma. Kutakuwa na kikao ofisini Nakasero mwisho wa mwezi wa tano, na watu wa wanyamapori watakuwepo. Wakiona kosa ni langu, cheti changu cha kuongoza wawindaji kinachukuliwa, na polisi wananichukua mimi.

Ngozi anayo Opio, naituma. Niliichuna mwenyewe. Ina matundu mawili, moja kila upande, na kidole changu cha mwisho hakipiti.

Nauliza kama mwanafunzi tu, baba. Kichwa laini kinaweza kufanya hivyo?

Mwanao,
Wanjala


Namuwongo
18 Aprili 2006

Mkwe,

Pole. Pole sana tena.

Nianze na zuri. Jumapili Abalo amejifungua msichana. Amekuja na nywele nyingi na hasira nyingi. Masikio ni yako, maskini, lakini nywele zitayafunika. Mama yake hajambo, anakula, ananituma sokoni kama kuruta. Ungekuwepo ungecheka.

Kuhusu lile swali lako la mwanafunzi. Risasi ni kama watu wa Bungoma, unazijua leo, kesho zinakushangaza. Yawezekana laini isifunguke. Baruti kidogo, mfupa haikuugusa, ikapita. Mambo kama hayo hutokea. Mambo mengi hutokea.

Ngozi imefika. Nimeipaka samli, nimeikanda, imekuwa laini. Abalo anauliza mbona simpi, namwambia haijakauka. Imekauka.

Huyo mama Kulusum ana watoto? Niandikie. Au usiniandikie.

Ojara


Kambini
5 Mei 2006

Baba,

Nakusalimu, na nakushukuru kwa kunitunzia mama na mtoto. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea, ile sehemu ya nywele. Mimi ni mzima.

Uliuliza. Mama Kulusum ana watoto wanne, wa mwisho bado ananyonya, wanampeleka hospitali anyonye na kumrudisha. Nilimpelekea sukari na sabuni. Nilidhani atanifukuza. Alinishukuru, akauliza kama yule mnyama tulimpata.

La kusema kikaoni nimeshalipanga. Nitasema sikutazama vizuri. Bosi ameniuliza mara mbili kama risasi zilikuwa zile nilizoagiza. Mara zote mbili nimesema ndiyo. Wewe ni baba wa mke wangu. Kwetu hata kukaa kiti kimoja na baba mkwe hatukai, seuze kumtaja jina kituo cha polisi. Kwa hiyo usijisumbue, na usiumie kichwa.

Wakiniacha huru nitarudi kwetu. Kaka yangu ana duka la vipuri Webuye. Abalo na mtoto watanifuata. Naomba usimwambie bado, maziwa yasije yakakauka.

Mwanao,
Wanjala


Namuwongo
13 Mei 2006

Wanjala,

Salamu utazikuta mwishoni, zikibaki.

Barua yako ilikaa mfukoni siku kadhaa. Nilikwenda nayo karakana nikarudi nayo. Juzi nilivaa koti, nikapanda boda mpaka Nakasero, nikamwambia yule bosi wenu: vichwa nilivijaza mimi, vilikuwa vigumu, na kwenye kisanduku niliandika laini. Kijana aliomba laini kwa maandishi, barua hii hapa. Akanitazama akidhani nimelewa. Bahati mbaya sikuwa nimelewa.

"Kwa nini, mzee?"

"Nilitaka ngozi."

"Ngozi ya nini?"

"Ya kumbebea mjukuu."

Akaisoma barua yako mpaka mwisho. Kisha akawapigia polisi simu. Kule kituoni nilimkuta afande kijana ambaye baba yake nilimfundisha mimi kusafisha bunduki. Kila nikisema neno ananiita mzee, mzee, halafu akaninyang'anya funguo za karakana kwa adabu kubwa. Maelezo nimeandika. Nitashitakiwa. Kwa kosa gani hawajakubaliana, inaonekana mjinga wa aina yangu hawajawahi kumpata.

Sasa nisikilize, maana jambo hili nimelielewa nikiwa nimechelewa. Uwanja wa shabaha, nyuma ya ubao kuna tuta la udongo, refu kama nyumba. Risasi ikishapita ubao inaingia tutani, basi, kwisha. Maisha yangu yote nimepiga kuelekea tutani. Hakuna siku niliyojiuliza inakwenda wapi baada ya hapo, kwa sababu ilikuwa haiendi popote. Wewe ukaniandikia habari ya kichuguu, kwa utaratibu, kama unamfundisha mtoto, na mimi nikasoma kama mtu anavyosoma tangazo la sabuni. Nilisema, huyu kijana mwoga, ataona ngozi atanyamaza. Nikakujazia vigumu huku napiga mluzi.

Hilo ningeweza kulibeba. Lisilobebeka ni ile barua niliyokuandikia baadaye, ile ya mambo mengi hutokea. Tundu nililiona. Nilitia kidole changu, hakikupita, nikajua. Nikachukua kalamu nikakutania habari za Bungoma wakati wewe unalala kwenye benchi. Risasi ilikuwa ujinga wangu. Ile barua ilikuwa mimi mwenyewe.

Na wewe ukanifunika. Ungenitukana ningejua la kujibu, nina matusi ya kambi sita. Lakini "usiumie kichwa, baba"? Nilisoma hapo nikatoka nje nikasimama kwenye reli kama mbuzi, mpaka yule mama muuza chapati akanivuta mkono akidhani nataka kujiua. Nilimwambia treni ya Kampala nikiisubiri nitakufa kwa uzee kwanza. Hakucheka. Hata mimi.

Kikao bado kipo na utaitwa. Watakuuliza mara ya tatu kama risasi zilikuwa zile ulizoagiza. Useme hapana. Mimi nimeshavua nguo mbele ya watu, ukinirushia blanketi sasa tutaonekana wajinga wawili. Na hiyo adabu yenu ya kiti kimoja, siku hiyo iache Bungoma. Baba mkwe ninaruhusu. Ninaamuru, kama bado naweza kuamuru kitu.

Abalo nimemwambia yote, hata la Webuye, nisamehe. Alimbeba mtoto kwa kitenge akaenda kukaa nje mpaka jua likashuka. Aliporudi alinipa chai isiyo na sukari, na mtoto amempa jina mwenyewe, Aber. Hakuniuliza. Zamani ningegomba.

Ile ngozi hajaigusa. Mimi pia sijui niifanye nini. Kuitupa ni kumtupa yule mama mara ya pili. Kuitumia siwezi.

Afande ameniruhusu niende Mbarara, siku moja, Opio atanibeba Jumatano. Nataka kumwambia mama Kulusum kwa mdomo wangu kwamba aliyekosa si wewe kama anavyodhani, ni mimi. Baada ya hapo sina neno lililoandaliwa. Mdomo wote huu, na sina. Akiuliza tena kama mnyama alipatikana, sijui nitatazama wapi.

Salamu zimebaki chache. Abalo mzima. Aber mzima, analia kwa sauti ya sajini. Mimi nipo.

Jambo moja. Siku uliyoleta mahari soli yako ilifunguka getini, nikakuazima viatu vyangu vyeusi vya polisi ili wazee wasikucheke. Ulisema utavirudisha Jumatatu, hukusema ya mwaka gani. Nimenyamaza kwa sababu ulikuwa umependeza. Sasa ninavidai. Niletee hapo hospitali Jumatano, mlango wa wodi ya wanawake, ukiweza uvipige rangi. Nilizonazo ni ndala, na siwezi kusimama mbele ya yule mama nikiwa na ndala.

Baba mkwe wako,
Ojara