Mita Moja Niliyoiomba

Alhamisi. Mawingu mazito, digrii ishirini na mbili, hewa ya kuvalia koti. Siku nzuri kabisa kwa mashine ya baridi. Na ni siku hii hii maziwa ya Mama Vumilia yameharibika.

Lita mia tatu na arobaini. Mpaka sasa sijaweza kula.

Saa moja asubuhi amenipigia Papa Désiré, mwenye depo ya kupozea maziwa. Hata salamu hakuna. "Mashini yako imekufa. Kuya uione." Yako! Ikitembea ni yake, ikisimama ni yangu.

Haikufa. Ilijizima yenyewe kabla haijaungua.

Miezi miwili iliyopita niliiweka uani, mahali wazi, mbingu juu yake. Mita moja kila ubavu, mita moja na nusu upande wa vifuniko, ili mtu apige magoti na turnavisi yake afungue skrubu. Nilichora kwa chaki. Nikaeleza: mashine inapoza maji yanayozunguka tangi, na joto linalotoka kwenye maziwa lazima litupwe nje. Inavuta hewa ubavuni, inatema moto juu. Na hapa Goma tuko mita elfu moja na mia tano, hewa yenyewe ni nyepesi. Usiibane.

Leo nimekuta ukuta.

Mawe ya volkano, yamepangwa vizuri, pande tatu. Juu, manjanja, bati za kuezekea. Kutoka ubavu wa mashine hadi jiwe: sentimita ishirini. Nimepima mara mbili. Yote kwa sababu ua unakodishwa kwa arusi kila Jumamosi.

"Bibi-arusi apige foto na chuma?" ameniuliza Papa Désiré. "Sasa imefichama, iko muzuri."

Nimeiwasha tena, nikaweka kipimajoto pale inapovuta hewa: arobaini na saba. Hatua tatu kutoka pale, ishirini na mbili. Mashine inakula matapishi yake yenyewe.

Kisha harufu. Mkono wangu umeingia kwenye ule mwanya hadi kiwiko, brashi imekataa kupita. Vizibo vya bia, mfupa wa mbuzi, vumbi jeusi limelowana. Wageni wa arusi wamepata choo: wanaume wanasimama nyuma, upande usio na ukuta, na kukojolea mapezi ya alumini yanayotoa joto. Yameanza kuota ukungu mweupe wa kutu. Nimenawa mikono mara nne.

Mama Vumilia alikuwa pale, ananusa bidoni, madumu yake ya maziwa, moja moja. Maziwa anayachukua kwa wachungaji kumi na mmoja, upande wa Masisi, na kuyapoza hapa.

"Bale bachungaji nitabaambia nini, fundi? Kama arusi ilikuwa muzuri?"

Papa Désiré akanionyesha kwa kidole. "Uliza huyu. Alijifunzia kwa frigo za soko, hana ata diplôme."

Ni kweli, sina. Nina mita na kipimajoto. Lakini si hilo linalonichoma.

Niliuona ule ukuta.

Wiki tatu zilizopita nilipita, ulikuwa unafika magotini. Nikasema mara moja tu, "Papa, muache nafasi." Akacheka, akanipa Fanta. Nikanywa. Nikaenda. Alikuwa ameniahidi kazi ya chumba cha baridi cha pili, nami sikutaka kumkera. Hesabu naijua, nilijua kabisa joto litafika wapi.

Leo nimemwambia Mama Vumilia hayo yote, mbele ya Papa Désiré. Amebeba bidoni ya mwisho, akaimwaga polepole chini ya ukuta, akafunga kitambaa chake kichwani na kuondoka.

Papa Désiré anataka tungoje Jumamosi ipite. Lakini kesho saa moja asubuhi maziwa mengine yanafika, na ng'ombe hawakualikwa arusini. Chumba chake cha pili atafute fundi mwenye diplôme.

Mita moja kutoa sentimita ishirini: zimebaki themanini za kurudisha. Nyundo kubwa na tindo za kubomolea ukuta nimeshaziweka mlangoni kwangu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nitakuwa pale.