Majani ya Mukankusi

Jumatatu, 4 Machi 2024

Mvua tangu alfajiri. Mukankusi, yule mjane wa ng'ambo ya kijito, kanitangazia mbele ya watu kwamba hataki tena vidonge vyangu vya minyoo. Eti kondoo wake anawanywesha mubirizi! Anatwanga majani yale machungu, analoweka, anachuja kwa kipande cha kitenge. Siku tatu za formation, mafunzo ya wafugaji pale parokiani — tayari profesa. Mimi nimetibu mifugo ya Nyabiondo miaka kumi na tisa. Nimecheka mpaka machozi. Supu ya majani! Afadhali wangemfundisha kuimba.

Jumatano, 6 Machi

Kondoo wangu anahara. Ndiye pekee aliyebaki tangu tulipokimbia vita na kurudi, na ana mimba. Nimempa dawa. Mke wangu Bénédicte kauliza kama tusijaribu yale majani. Nimemwambia majani awapikie wageni. Kaninunia.

Jumapili, 10 Machi

Aibu. Baada ya misa Mukankusi kaleta kondoo wake wawili uwanjani — maonyesho! Kavuta kope ya chini ya mmoja. Nyekundu kwa ndani, damu tele, minyoo haijainyonya. "Papa Docteur, njo wewe ulitufundishaka kuangalia mu macho. Angalia basi!" Nikasema ni bahati tu. Watu walicheka, na hawakumcheka yeye.

Jumatatu, 11 Machi

Kope za wangu nyeupe kabisa. Chini ya taya pamevimba maji. Nimempa dawa tena, nusu kidonge kama kawaida. Tangu njia ya Sake, inakopitia dawa, ianze kufungwa-fungwa, kidonge kimoja nawagawia kondoo wawili. Hakuna aliyewahi kulalamika. Wanashukuru!

Jumatano, 13 Machi

Hasimami. Nimekwenda kwa Mukankusi kwa njia ya nyuma, katikati ya maharagwe, kama mwizi. Hakucheka. Heri angecheka. Kauliza nimempa nini. Nikasema. Kiasi gani? Nikasema.

"Nusu? Ku formation walisema, ukipatia minyoo dawa kidogo-kidogo, inazoea. Papa, ile nusu-nusu yako njo imeharibu dawa mu kijiji muzima."

Upuuzi! Upuuzi wa semina! Lakini chupa yake ya majani nimeibeba. Na hata hakuniahidi kitu: "Mubirizi inasaidiaka. Lakini uyu umemuchelewesha. Sijue."

Usingizi hauji. Naogopa.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemnywesha asubuhi. Kameza yote. Kope bado nyeupe. Bénédicte kanikataza kumvuta-vuta macho, kila dakika naenda kuangalia.

Sasa hivi Uwingabire, mteja wangu wa mbali, yuko mlangoni. Katembea tangu asubuhi na kondoo watano, watatu wana mimba. Wote wanahara. Hajui habari yoyote ya majani. "Nusu-nusu kama siku zote, Papa Docteur." Nimemwambia angoje kidogo, natafuta kisu cha kukatia vidonge.

Kisu kiko hapa mezani, karibu na daftari. Namwona dirishani — ameshapiga goti kwenye tope, amemshika kondoo wa kwanza, anamfungua mdomo.