Anwani ya Shangazi Gudrun

Jumanne, 15 Oktoba

Kwa Kaka Ordell,

Watu wengi hukosea jambo moja kuhusu askari aliyerudi vitani. Hudhani haki zake zote hutoka Washington, na Washington ikishampa au ikishamnyima, habari imekwisha. Sivyo. Kila jimbo lina mkono wake pia, lina sheria zake na nyumba zake za wazee, na mkono huo hautoi mpaka uombwe. Lakini naona nimeanza kufundisha kabla ya kusalimia. Marehemu Mama angenipiga kofi la kisogo.

Hujambo, kaka? Goti linaendeleaje tangu baridi ianze? Shemeji Bernadine amepona kile kikohozi? Mimi sijambo, ila mgongo. Marlys anakula vizuri na analala. Jana aliniuliza mara nne kama tumewalisha kuku, nami mara zote nne nikamjibu kwamba wameshiba. Hatujawahi kufuga kuku.

Kutoka mlangoni kwangu hadi kwako ni mwendo wa dakika ishirini kwa gari, na utashangaa kwa nini nanunua stempu. Ni kwa sababu nikija utanikaribisha kahawa, utaanza habari za bei ya mahindi, na nikiendelea kusema utagusa sikio lako la kushoto na kuniambia husikii. Barua haina sikio la kushoto. Kaa chini, uisome yote.

Unajua shida yangu, maana nilikueleza mwezi Agosti. Daktari amesema Marlys hawezi tena kukaa kwenye nyumba yenye jiko la gesi na ngazi, na mimi siwezi kumwinua anapoanguka. Jimbo letu lina nyumba ya maveterani kule ziwani. Uzuri wa nyumba ile ni kwamba inampokea askari pamoja na mkewe, chumba kimoja, vitanda viwili. Kwingine kote nilikouliza wangemchukua yeye peke yake. Kuna kituo kimoja cha wagonjwa wa kusahau chenye nafasi, maili mia moja na ishirini kutoka hapa. Ningekuwa namtembelea Jumapili, barabara ikiwa haina barafu. Kaka, yule mwanamke amesahau jina la binti yetu. Mimi bado ananijua, na daktari anadhani ni kwa sababu kila asubuhi akifumbua macho ananikuta palepale.

Basi nilikwenda kwa Bi Darla Wojahn, ofisa wa maveterani wa wilaya, yule mama aliyewahi kuendesha malori ya jeshi kule Kuwait na bado anaongea kama anapigia kelele injini. Alisoma cheti changu cha kumaliza utumishi, akakirudia, kisha akavua miwani. “Mzee wangu,” akasema, “hapa imeandikwa uliingia jeshini ukitokea ng'ambo ya mto, jimbo jingine.”

Hapo ndipo penye ile tofauti wasioijua wengi. Serikali kuu humuuliza askari alikwenda wapi. Jimbo humuuliza alitoka wapi. Kitanda cha ziwani ni cha mtu aliyekwenda jeshini akiwa mkazi wa hapa, au aliyekaa hapa miaka mitano mfululizo kabla ya kuomba. Mimi nimefundisha jiografia Nebraska miaka thelathini na minane, na nimerudi miaka miwili tu iliyopita, kwa kuwa wewe ulinipigia simu ukasema damu ni nzito, njoo tuzeeke pamoja. Nikavuka Mississippi kwenda kuuliza upande wa pili. Kijana wa kule akacheka kwa heshima. “Babu, karatasi inasema ulikuwa wetu, lakini hujawahi kuishi kwetu hata siku moja. Sasa nikuweke wapi, katikati ya daraja?”

Ndiyo maana nilikuja kwako ule usiku tuliokula viazi na nyama ya kusaga vya shemeji. Nilikuomba jambo dogo: uape kwa maandishi kwamba hadi Januari 1970 nililala chini ya paa la Baba, chumba kimoja na wewe. Ulikata mkate taratibu ukaniambia, “Mdogo wangu, karani alikosea. Wale walikuwa wanaandikisha watu mia kwa siku. Andika hivyo tu, karani alikosea.” Nilipokwambia kwamba Bi Darla anataka kiapo, si maelezo, ulisema mzee wa umri wako haendi kuapa mbele ya watoto wa benki wanaothibitisha viapo. Shemeji alikutazama. Mimi sikumwelewa wakati ule.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kula samaki kwenye ukumbi wa maveterani, nikaketi na mzee Einar Lokken, jirani yetu wa zamani. Ana miaka tisini na mbili, na bado anaficha vipande vya samaki mfukoni kwa ajili ya paka. Alinishika mkono akaniuliza kwa nini sikuja kumzika Baba mwaka 1988. Nikamjibu jibu langu la siku zote, kwamba baba aliyetia sahihi mwanawe wa miaka kumi na saba apelekwe Vietnam hakustahili machozi yangu. Einar akaacha kutafuna. “We Verlin, nani kakwambia hivyo? Selmer, baba yako, kila mwaka alikaa kwenye kiti hichohicho akisema, ‘Mwanangu aliiba jina langu, akatoroka. Na barua zangu anazirudisha bila kufungua.’ Kila mwaka, bwana! Mpaka tukawa tunamkimbia.”

Sikulala, lakini sikukushuku. Nakuapia, kaka, bado sikukushuku. Nilidhani Baba alidanganya ili watu wamhurumie.

Bi Darla ndiye aliyenishauri niagize jalada zima kutoka hifadhi ya nyaraka za jeshi, kwa kuwa huenda ndani yake kuna anwani nyingine. Lilifika wiki iliyopita, karatasi kumi na tisa. Nilizitandaza mezani. Katikati ilikuwepo hati ya ridhaa ya mzazi, ile ambayo kisheria kijana asiyefikisha miaka kumi na minane hawezi kuandikishwa bila hiyo. Imejazwa kwa kalamu ya wino wa buluu. Jina la mzazi, Selmer Haugstad. Makazi, nyumba ya Shangazi Gudrun, ng'ambo ya mto. Sahihi.

Marlys alikuja na kikombe chake, akasimama nyuma yangu. Unajua kwamba miaka yote ya ndoa yetu yeye ndiye aliyefungua kadi za Krismasi na kuzipanga kwenye rafu. Aliiangalia ile karatasi, akatabasamu, akaweka kidole juu ya jina la Baba. “Aa, Ordell ametuandikia,” akasema. “Goti lake limepona?”

Nilizitoa kadi zako kwenye kasha. Ninazo arobaini na moja. Sikuhitaji zaidi ya mbili kuutambua mwandiko.

Sasa nitakukumbusha mambo unayoyakumbuka, kwa mpangilio wake, maana hivyo ndivyo nilivyofundisha maisha yangu yote. Novemba 1969 mimi niliacha lango wazi, na ng'ombe sita wakaingia kwenye barafu changa ya mto, wakazama. Baba hakusema nami wiki tatu. Tarehe mosi Desemba tuliketi mbele ya televisheni walipokuwa wakichota tarehe za kuzaliwa za vijana watakaoitwa vitani, na yako ikatoka mapema, ukatoka nje bila koti. Baada ya Krismasi Baba alikwenda kaskazini kukata miti. Siku ya tisa baada ya kuondoka kwake ulinijia zizini na ile hati, tayari ina sahihi. Uliniambia Baba ameituma kwa posta. Ulisema nikajiandikishe ng'ambo, kwa anwani ya Shangazi, kwa sababu Baba hataki majirani waongee. Na ukanipa maneno yake: “Jeshi litakufundisha kufunga lango.”

Maneno yale niliyabeba Vietnam. Niliyabeba Nebraska. Barua tatu za Baba zilipokuja kambini nilizirudisha na gundi yake. Alipokufa nilikuwa nasahihisha mitihani, nikaendelea kusahihisha.

Na kumbe Baba hakuyasema.

Tulipokuwa tunavuka daraja kwa lori siku ile, uliniambia jambo ambalo nililiona kama faraja: “Hawachukui wawili nyumba moja.” Kila mtu wilayani aliamini hivyo wakati ule. Lilikuwa kosa. Sheria ilimlinda mwana pekee aliyebaki baada ya vifo vya nduguze vitani, na ndugu wawili wangeweza kuomba wasiwekwe vitani kwa wakati mmoja. Haikusema popote kwamba kumtoa mdogo humwokoa mkubwa. Lakini wewe uliamini. Ulikuwa na miaka ishirini na uliogopa, na mimi nilikuwa nalala kitanda cha pili. Aprili wakakuita hata hivyo, wakakupima, wakagundua sikio lako la kushoto halisikii, wakakurudisha nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Ningekuwa sijakwenda, kaka, ungerudishwa vilevile.

Nimejaribu kujiuliza kama ningekuwa wewe ningefanya nini. Hofu naielewa, nimeiona kwa watu wazuri kuliko sisi wawili. Nisichokielewa ni mwaka 1971, nilipokuwa nimerudi hai na wewe umekwisha kupona hofu. Na mwaka 1988, uliposimama peke yako mbele ya jeneza la mtu aliyeamini kwamba mwanawe ni mwizi wa jina lake. Na Agosti hii, mezani pako, mkate mkononi: karani alikosea.

Sasa nami nina langu la kukiri, ili tusiachiane deni la ukweli. Jumatano iliyopita nilikwenda makaburini. Nilikuwa nimefuta theluji ya kwanza juu ya jiwe la Baba kabla sijajua nimwambie nini. Nikamwambia kwamba sikuiba, na kwamba nilipaswa kufungua hata barua moja. Hapo hakuna wa kumlaumu ila mimi. Wewe ulitia sahihi mara moja. Mimi nilirudisha barua mara tatu.

Usinijibu kwamba unasikitika. Bado sijajua nitaweka wapi masikitiko yako. Usije na shemeji na keki, wala usimtume mchungaji. Kuna jambo moja ambalo mtu mmoja tu aliye hai anaweza kulifanya. Rekodi za shule Bi Darla anazo, lakini kamati inataka shahidi aliyeishi nami, atakayeeleza kwa nini karatasi ya jeshi inasema vingine. Nilimuuliza kama mtu huyo atapata matatizo. “Baada ya miaka hamsini na minne?” akasema. “Hakuna polisi atakayekuja. Atakayemsumbua ni yeye mwenyewe.”

Ndani ya bahasha utakuta hati ya kiapo. Bi Darla ameipiga chapa, mistari saba. Haina matusi. Inasema niliishi shambani kwa Baba. Inasema anwani ya Shangazi Gudrun niliandikiwa. Inasema nani aliandika. Ukikata mstari huo wa mwisho na kuandika karani, kamati itauliza, nami nitawaonyesha kadi mbili za Krismasi. Lakini sitaki kushinda kwa kadi. Kamati inakaa Jumanne ijayo. Chumba kimebaki kimoja, dirisha lake linatazama ziwa, na baada ya hapo orodha ni ya miezi kumi na minne. Marlys hana miezi hiyo.

Msalimie shemeji Bernadine. Mwambie nimeelewa sasa kwa nini alikutazama, na kwamba simlaumu. Wasalimie watoto na wajukuu, na yule mbwa kipofu. Marlys anakusalimu pia. Amenisisitiza nisisahau, maana anakumbuka kwamba ulituandikia.

Kamati inakusubiri wewe, na benki hufungwa saa kumi na moja jioni. Leo, chukua hati hii uende nayo, uitie sahihi ya jina lako mwenyewe mbele ya mthibitishaji wa viapo.

Mdogo wako,
Verlin Haugstad